Shajara ya Mradi wa Kupanga Filamu Ishirini na Nne

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mradi umeanza leo sebuleni kwangu, mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, kwa chai ya tangawizi na mvua iliyokataa kukatika tangu mchana. Kazi yenyewe ni nyepesi kuitamka: watu saba tunaojuana vizuri tupange filamu tunazozipenda kuliko nyingine zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, katika orodha moja ambayo kila mmoja wetu ataitia saini. Wajumbe ni mimi, mke wangu, dada yangu mkubwa mwenye biashara ya chipsi karibu na Mafiati, mwanawe aliye kidato cha tatu, shemeji yangu anayeendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, jirani yetu fundi seremala, na mwalimu wa hisabati aliyepanga nyumba yetu ya nyuma. Kwa kuwa mimi ni mhasibu, nimekabidhiwa daftari.

Kila mjumbe alitaja filamu nne. Jumla ilikuwa 28, lakini Sholay ilitajwa na watu watatu, Neria na Sarafina! zikatajwa na wawili wawili, hivyo zimebaki 24. Mwalimu alikokotoa papo hapo kwamba tukitaka kulinganisha kila filamu na kila nyingine, mbili mbili, tutakuwa na mashauri 276 ya kuamua, na shemeji akasema kwamba mahakama ya mwanzo haina mashauri mengi kiasi hicho.

Tumekubaliana kanuni mbili. Ya kwanza niliipendekeza mimi: hakuna filamu itakayopewa nafasi kabla haijatazamwa upya na wajumbe wote, kwa sababu nimechoka na mabishano ya watu wanaotetea picha waliyoiona mara ya mwisho wakiwa darasa la tano. Ya pili ilitoka kwa mke wangu, na naamini alinilenga mimi: aliyeileta filamu haruhusiwi kusema neno lolote wakati inaonyeshwa. Daftari lina safu mbili, jina la filamu na nafasi yake.

18 Januari

Mwalimu ameazima projekta, nasi tumetandika shuka jeupe ukutani. Tulipanga kuanza na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ambayo mke wangu aliichagua kwa sababu riwaya ya Shafi Adam Shafi aliisoma shuleni na hajapata kuisahau. Dakika ya kumi mvua ilishuka juu ya bati kwa kishindo ambacho spika mbili ndogo haziwezi kushindana nacho. Tulimwona Yasmin akifungua kinywa na tusisikie kitu. Nilipaswa kulifikiria bati mapema. Hili ni kosa langu na limeandikwa hivyo.

Mwalimu aliokoa jioni hiyo kwa kuleta City Lights ya Charlie Chaplin, ambayo haina mazungumzo ya kusikilizwa. Filamu zenye sauti za watu zilikwisha kushika soko tangu The Jazz Singer ya mwaka 1927, lakini Chaplin alitoa ya kwake mwaka 1931 ikiwa na muziki tu na maandishi machache, kwa ukaidi ambao leo umetufaa sisi wa chini ya bati. Mwishoni yule msichana muuza maua, ambaye zamani alikuwa kipofu na sasa anaona, anamwekea sarafu kiganjani mzururaji mwenye nguo zilizochanika. Hamjui kwa sura, kwa maana hajawahi kumwona. Vidole vyake vinabaki juu ya mkono ule, vinapanda taratibu hadi kwenye koti, kisha uso wake unabadilika. Dada, ambaye alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba picha isiyo na maneno ni ya watoto, alisema kwa sauti ya chini, "Kamjua kwa mkono."

8 Februari

Leo lilikuwa zamu ya fundi, na mradi umepata tatizo lake la kwanza la kweli.

Filamu yake ni Enter the Dragon ya mwaka 1973, ile ambayo Bruce Lee hakuishi kuiona ikitoka, kwani alifariki Julai 20 mwaka huohuo na ikaanza kuonyeshwa mwezi uliofuata. Fundi aliitazama akiwa kijana katika kibanda cha video Mwanjelwa, kwa shilingi hamsini, mara ambazo yeye mwenyewe hakumbuki idadi. Tangu Januari amekuwa akitupa sifa zake: kwamba hakuna picha yenye maneno matamu kama hiyo, kwamba steringi anamtukana adui mpaka watu wanashika mbavu. Tukatazama. Mapigano ni mazuri, na ule mpambano wa mwisho katika chumba cha vioo, ambapo mtu mmoja anakuwa ishirini na hujui umpige yupi, haujachakaa hata kidogo. Lakini Bruce Lee haongei sana, na anapoongea hamtukani mtu. Fundi alikaa kimya mpaka mwisho kama kanuni inavyomtaka, na projekta ilipozimwa akasema, "Hii siyo."

Tulidhani anatania. Alisisitiza kwamba sura ni zilezile lakini picha siyo. Mke wangu ndiye aliyemuuliza kama ile ya Mwanjelwa ilikuwa imetafsiriwa, na hapo jambo likafahamika. Zamani kanda nyingi zilizofika kwenye vibanda vyetu zilikuwa zimeingizwa sauti ya mtu mmoja anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kazi ambayo Lufufu wa Dar es Salaam aliifanya ikajulikana nchi nzima. Mtafsiri wa namna hiyo hakuwa mkalimani tu. Alibadilisha majina, aliongeza utani, alimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na aliyajaza maneno mahali ambapo waigizaji walikuwa wamenyamaza. Nusu ya mapenzi ya fundi ilikuwa ya mtu ambaye hakuonekana hata mara moja kwenye picha.

Nafasi haijaandikwa. Fundi ameomba muda wa kutafuta nakala yenye sauti.

22 Februari

Souleymane Cissé, mwongozaji wa filamu wa Mali, alifariki siku ya Jumatano, siku chache tu kabla ya tamasha la Fespaco la Ouagadougou ambako alikuwa awe mwenyekiti wa majaji. Mwalimu aliomba tubadilishe ratiba ili tutazame filamu yake Yeelen, iliyopata Tuzo ya Majaji katika tamasha la Cannes mwaka 1987. Ni hadithi ya kijana anayewindwa na baba yake mwenyewe kwa sababu ya nguvu za uganga, na inakwenda kwa mwendo wake bila kumsubiri mtazamaji. Shemeji, aliyekuwa ametoka Tunduma alfajiri, alilala. Mimi sikulala, ila sikuelewa kila kitu, na ninaona ugumu kuipanga filamu ambayo ninaiheshimu kuliko ninavyoipenda. Imeandikwa ya tisa kwa muda.

8 Machi

Fundi ameipata ile Enter the Dragon yenye sauti ya mtafsiri. Vijana wanaoingiza filamu kwenye flashi pale Kabwe walimuuzia kwanza filamu nyingine kabisa, yenye jina hilo kwenye orodha yao na kikosi cha wanajeshi ndani yake, lakini safari ya pili alirudi na kitu chenyewe, kilichonakiliwa kutoka kwenye kanda ya zamani, picha ikiwa na michirizi na rangi iliyoelekea kijani.

Nimeandika mfano mmoja ili usipotee. Yule adui mkuu, mwenye mkono wa bandia unaowekewa makucha ya chuma, kwa mtafsiri anaitwa Mzee Uma. Steringi anapoingia chumba cha vioo mtafsiri anapunguza sauti, anasema, "Sasa hapa ndugu mtazamaji, hata mimi simwoni," ananyamaza kwa muda mrefu kiasi cha kukufanya usikie mkwaruzo wa kanda, halafu kioo cha kwanza kinapovunjwa anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Mpwa wangu, ambaye ile ya kwanza aliitazama huku akichezea simu, alianguka kutoka kwenye kiti kwa kucheka. Fundi hakucheka. Alikuwa akiyasema maneno pamoja na mtafsiri, kwa midomo tu, ili asivunje kanuni ya pili.

Mjadala ulichukua saa nzima. Mwalimu alitaka tupange ya asili peke yake, kwa hoja kwamba kazi ni ya walioitengeneza. Mke wangu alijibu kwamba mtafsiri naye ametengeneza kitu, na kama hakutengeneza, basi tumecheka nini? Nilipotakiwa kuamua kama mwenye daftari, niliamua kihasibu: vitu viwili vyenye thamani mbili tofauti haviwezi kukaa katika mstari mmoja. Zimeandikwa mbili, na orodha sasa ina filamu 25, ambazo kwa hesabu ya mwalimu ni mashauri 300. Nimeongeza pia safu ya tatu, ambayo kila mjumbe ataijaza kwa filamu zake: aliiona wapi mara ya kwanza, na nani, na kwa sauti ya nani.

22 Machi

Sholay. Watatu walioitaja walikuwa wakigombana hata kabla ya kuanza, kwa sababu shemeji aliapa kwamba jambazi Gabbar Singh anauawa mwishoni na mke wangu akaapa kwamba anakamatwa na polisi. Wote wawili ni wakweli. Ramesh Sippy alipiga mwisho ambao Thakur, aliyekatwa mikono na Gabbar, anamuua adui yake kwa miguu. Wakaguzi wa filamu wa India, katika mwaka ule wa 1975 wa utawala wa hali ya hatari, hawakutaka raia aonekane akijichukulia sheria mkononi, na polisi wakaingizwa wafike kwa wakati. Nakala za mwisho wa kwanza zilikuja kusambaa baadaye. Sisi tumetazama ile yenye polisi, na shemeji amelalamika kwamba amedhulumiwa kifo alichokisubiri.

Amitabh Bachchan anakufa katika nakala zote mbili. Mpwa wangu alishtuka, akauliza imekuwaje wakati steringi hafi, na shemeji akamweleza kwa utulivu wa mtu mzima kwamba masteringi walikuwa wawili na mmoja alikuwa wa akiba.

5 Aprili

Neria, filamu ya Zimbabwe ya miaka ya mwanzo ya 1990, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kwa hadithi ya Tsitsi Dangarembga na kupambwa kwa muziki wa Oliver Mtukudzi. Mume anafariki, na kaka yake anabeba kila kitu: kitabu cha benki, gari, samani za nyumba, mwishowe anawataka na watoto. Nimewahi kukaa katika vikao vya ukoo, Rungwe na hapa mjini, ambako maneno ya yule shemeji mtu yalisemwa karibu neno kwa neno, na wasemaji wakiwa na nyuso zilezile za huruma. Dada yangu ni mjane. Katika safu ya tatu ameandika: "Ukumbini Njombe, na marehemu, kabla." Hatukujadili sana. Alipewa kalamu akaandika alama yake mwenyewe.

12 Aprili

Tulijaribu kupiga hesabu ya kati kwa filamu tatu zilizokuwa zikigombea kiti cha kwanza, na tumegonga mwamba ambao mwalimu, kwa furaha isiyofichika, alisema aliusubiri tangu Januari. Wajumbe watatu waliipanga Sholay kwanza, City Lights ya pili, Neria ya tatu. Wawili walianza na City Lights, kisha Neria, kisha Sholay. Wawili waliobaki walianza na Neria, kisha Sholay, kisha City Lights. Sasa tazama: Sholay inaishinda City Lights kwa kura 5 dhidi ya 2, City Lights inaishinda Neria kwa 5 dhidi ya 2, nayo Neria inaishinda Sholay kwa 4 dhidi ya 3. Kila moja imempiga jirani yake, na hakuna mshindi. Mfaransa Condorcet aliueleza mzunguko huu mwaka 1785, na alikuwa akizungumzia uchaguzi wa watu, siyo picha za Kihindi.

Njia ya kujinasua ni ya Mfaransa mwenzake, Borda, aliyependekeza kila nafasi ipewe pointi. Tukitoa 3, 2 na 1, Sholay inapata 15, City Lights 14, Neria 13. Mke wangu aliitazama karatasi kwa muda, akauliza inawezekanaje filamu iliyoshinda ana kwa ana iwe ya mwisho, na iliyoshindwa nayo iwe ya kwanza. Mwalimu alijibu kwamba ndivyo pointi zinavyofanya kazi. Mke wangu akasema kwamba ndivyo vikao vya ukoo pia vinavyofanya kazi. Sholay imeandikwa ya kwanza, kwa kalamu ya risasi.

26 Aprili

Mwalimu amekuwa akitaka tujipime na orodha ya Sight and Sound, jarida la Uingereza linalowauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi. Kura yao ya kwanza, mwaka 1952, iliipa ushindi Bicycle Thieves ya De Sica, filamu iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Kisha Citizen Kane ikatawala kuanzia 1962 hadi 2002, Vertigo ikaipindua 2012, na mwaka 2022 ikaja juu Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, iliyotengenezwa mwaka 1975 wakati mwongozaji akiwa hajatimiza hata miaka 25. Hiyo ndiyo filamu ya nne ya mwalimu. Ina dakika 201 na inaonyesha siku tatu za mama mjane wa Brussels anayepika, anayefua, anayepanga vyombo, na ambaye mchana hupokea wanaume kwa malipo. Tulipotambua hilo la mwisho, mpwa alitumwa akasome fizikia.

Nilitarajia dada asinzie kabla ya shemeji. Ikawa kinyume. Yule mama aliposhika kisu na kiazi, dada alisogeza kiti mbele. Alitoa maoni juu ya unene wa maganda, juu ya kisu, juu ya maji machache ndani ya sufuria. Yeye hakuwa ameileta filamu, hivyo kanuni haikumzuia. Siku ya pili ya hadithi, yule mama alipoinua mfuniko wa sufuria na kusimama tu, sisi wanaume tuliona mtu amesimama. Dada alisema, "Viazi vimepitiliza. Mtu huyu hajawahi kupitiliza viazi maishani mwake. Kuna jambo." Yule mama alizunguka na sufuria mkononi kutoka chumba hadi chumba, kana kwamba hakuna mahali duniani pa kuiweka, kisha akaenda dukani kununua viazi vingine. Mwalimu alikiri baadaye kwamba alipoitazama mara ya kwanza alihitaji kusoma makala mbili ndipo aelewe kwamba sufuria ile ndiyo nyufa ya kwanza ya nyumba nzima. Dada aliiona kwa sababu amemenya viazi vya Uyole kila siku kwa miaka ishirini na mbili.

Hata hivyo ameipa nafasi ya kumi na nne. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba kazi hiyo anaifahamu na Jumamosi ni siku yake ya kupumzika.

31 Mei

Umeme ulikatika katikati ya Oprah, filamu ya Kitanzania ya mwaka 2008, pale hasa ambapo mambo ya Kanumba na Ray yalikuwa yameanza kunoga, na haukurudi mpaka saa sita usiku. Wajumbe waliimalizia filamu kwa kusimuliana. Shemeji na mke wangu walitoa miisho miwili tofauti. Itarudiwa.

28 Juni

Baridi ya leo imetulazimisha kuingiza jiko la mkaa sebuleni kwa muda, mlango ukiwa wazi, na kila mtu alikuja na blanketi lake. Filamu 21 zimekwisha kupangwa. Zilizobaki ni nne, na lazima niandike kwa nini moja kati yake, iliyo yangu, imesogezwa mbele mara tatu kwa visingizio vya ratiba.

Ni Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Niliiona mara moja tu, nikiwa na miaka minane, ukumbini, nimekaa karibu na baba. Nargis ni Radha, mkulima anayelemewa na deni la mlanguzi. Mumewe anapondwa mikono na jiwe wakati wakisafisha shamba, kisha usiku mmoja anaondoka. Baba alikuwa akininong'oneza maana ya kila kitu, nami sikuwahi kujiuliza mtu aliyezaliwa Tukuyu alijifunza wapi Kihindi. Kuhusu yule mume aliniambia, "Amekwenda Kopabelti, kwenye migodi. Atarudi na baiskeli." Babu yangu alikwenda hukohuko, kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Kwa hiyo filamu nzima, Radha alipokuwa akivuta jembe kwa mabega yake, alipokuwa akiwalea watoto baada ya mafuriko, hadi alipoinua bunduki dhidi ya mwanawe mwenyewe, mimi nilikuwa nikiangalia barabara iliyo nyuma yake.

Leo tumeitazama ikiwa na maandishi ya chini, mpwa akitusomea kwa Kiswahili. Hakuna Kopabelti. Yule mume, asiyeweza tena kujilisha mwenyewe, anaondoka kwa aibu na harudi. Mpwa alisoma maneno hayo kwa sauti ya kawaida, akaendelea. Nilitamani kumsahihisha, lakini kanuni ya pili ilikuwa juu yangu.

Kwa pointi zetu imekuwa ya sita, na mimi mwenyewe sikuipa zaidi ya hapo. Nyimbo ni nyingi, na sehemu ya katikati inarudia mambo. Fundi, kwa wema, alikumbusha kwamba tuna mfano wa Machi 8, na kwamba ile niliyonong'onezwa mimi ingeweza kupewa mstari wake. Nilimshukuru, nikamwonyesha kanuni ya kwanza, iliyoandikwa kwa mkono wangu: hakuna filamu itakayopangwa bila kutazamwa upya. Nakala hiyo haipo.

Katika safu ya tatu, mahali pa sauti, nimeandika "Baba". Mpwa, anayenakili daftari kuwa safi, aliinua kichwa akauliza, "Mjomba, huyu naye alikuwa wa Dar es Salaam kama Lufufu?"